Anayefuga Ndiye Ajenge Ua

Shina la mchicha lililoliwa husema ni nani aliyepita. Likiwa na mkato safi wa mshazari, huyo ni sungura: ana meno makali ya mbele juu na chini, na yakikutana hayaachi uzi. Mbuzi hana meno ya mbele upande wa juu, ana ufizi mgumu tu, kwa hivyo huuma na kuvuta; kinachobaki ni kisiki kilichochanika, na mara nyingi mche mzima hung'oka na mizizi yake. Kuku huharibu kwa kuchakura kuliko kwa kula, na ushahidi wake ni tuta lililogeuka shimo na miche iliyolala kando, mizizi ikikauka juani. Konokono yule mkubwa, ambaye asili yake ni Afrika Mashariki ingawa leo ni balaa hadi Asia na Amerika, huja usiku na kuacha utepe wa ute unaong'aa mpaka jua lipande. Tumbili hutia jino moja kwenye papai linaloanza kugeuka rangi, kisha hulitupa na kuchuma jingine.

Kumtambua mharibifu ni muhimu kwa sababu ushauri mwingi wa kulinda bustani hurukia dawa kabla ya kuuliza swali la kwanza. Utaambiwa unyunyize maji ya pilipili, umwage majivu, utwange majani ya mwarobaini, uning'inize chupa na vitambaa. Baadhi ya haya husaidia kwa siku mbili tatu, hadi mvua inyeshe au mnyama azoee. Swali la kwanza ni hili: mnyama huyu ana mwenyewe? Huku bara ya Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, ukiwaacha konokono na tumbili, jibu ni ndiyo. Sungura wa hadithi zetu ni wa nyikani, hafugiki, na hana haja ya kuja Mishomoroni kutafuta sukuma wiki. Anayeila sukuma wiki Mishomoroni ni yule wa kufugwa, ambaye chimbuko lake ni Ulaya, na ambaye ametoka kwa sababu kizimba kimeoza pembeni au watoto wamesahau kukomea mlango. Mbuzi anayeranda Mtongwe au Chaani ana mtu anayemjua kwa rangi, kwa pembe na kwa mlio, na jioni mtu huyo atamngoja arudi. Hoja yangu inatoka hapo: penye mnyama mwenye mwenyewe, gharama ya kumzuia ni ya mwenyewe. Aliyepanda mchicha hana deni la ukuta.

Wako watakaoona kwamba gazeti limekosa la kuandika. Basi na tuangalie mji wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, wastani wa watu 5,495 kwa kila kilomita ya mraba. Kisauni peke yake ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882. Kwa msongamano huo, bustani ya nyumbani ni magunia manne ya udongo kando ya mlango wa jikoni, ni madumu yaliyokatwa katikati, ni tuta la hatua tatu kati ya ukuta wa choo na njia ya watu. Ndani yake mna mchicha, sukuma wiki, mnavu, kunde za majani, bamia, mpilipili mmoja, pengine mlonge na mihogo miwili ya kuchuma kisamvu. Bomba la maji la Mzima lilikamilika mwaka 1957 na mji umelizidi zamani. Mifereji hukaa siku nyingi bila tone, maji ya visima vingi yana chumvi, na familia nyingi hununua maji ya mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa mikokoteni. Mwenye bustani humwagilia kwa maji aliyooshea mchele na mboga, na yasipotosha hupunguza kwenye mtungi wa kupikia. Sukuma wiki iliyopandikizwa huhitaji mwezi mmoja hadi mmoja na nusu kabla ya kuchumwa jani la kwanza, na ikitunzwa huendelea kuchumwa kwa miezi kadhaa. Mbuzi wawili huimaliza kwa dakika chache, na kinachoondoka ni mboga ya miezi yote hiyo, pamoja na maji yaliyolipiwa pesa.

Mwaka 2020, korona ilipobana riziki za watu, Wizara ya Kilimo ilihimiza bustani milioni moja za nyumbani nchini. Lilikuwa wazo zuri, na bado ni zuri. Lakini mbegu na mafunzo ni nusu ya kazi. Mama anayepanda mara ya kwanza akaliwa, akapanda mara ya pili akaliwa, hatapanda mara ya tatu, hata akipewa mbegu za bure kila msimu. Atarudi kununua fungu la mboga kibandani, na yale magunia yatabaki yamesimama uani yakiota majani ya porini. Kinachoziua bustani za namna hii, kwa maoni yangu, ni kukosa hakika ya kuvuna kuliko uvivu au ukosefu wa maarifa, ambao ndio viongozi hupenda kuulaumu.

Mnyama mwenyewe hana lawama, na ni vyema kulisema hilo waziwazi kwa kuwa hasira za majirani humwishia yeye: hupigwa mawe, humwagiwa maji ya moto, huvunjwa mguu. Kati ya Januari na Machi, kabla ya masika, nyasi zote za kando ya barabara huwa zimekauka na vumbi limeyafunika majani ya vichaka. Kitu pekee cha kijani katika mtaa mzima ni kile kinachomwagiliwa. Mbuzi aliyefunguliwa asubuhi bila kupewa chochote atakifuata kwa pua, kwa sababu ana njaa na kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Sungura naye meno yake hukua maisha yake yote, hivyo hana budi kutafuna ili yasirefuke kupita kiasi. Kumtaka aheshimu tuta la jirani ni kutaka kisichowezekana. Mwenye uwezo wa kuheshimu mpaka ni yule aliyemfungulia.

Sungura, kwa hakika, ndiye anayeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Karibu kila anayefuga sungura bara ya Mombasa anamweka kwenye kizimba kilichoinuliwa juu ya miguu ya mbao, chenye sakafu ya fito au waya na paa la makuti. Hakuna anayemfungulia alfajiri aende akajitafutie. Mfugaji anajua kwamba paka, mbwa na wezi watammaliza kabla ya adhuhuri, basi ameona ni kawaida kumletea chakula: nyasi, maganda, majani ya nje ya kabichi. Anapotoka ni ajali, na mara nyingi ajali hiyo husababishwa na joto. Sungura huteseka hewa ikizidi nyuzi 30, na Mombasa huzizidi kwa miezi, basi wako wanaomshusha chini kwenye ubaridi wa sakafu ya udongo, naye huchimba hadi upande wa pili. Dawa yake ni kivuli, hewa na maji, pamoja na kulazwa juu ya sakafu isiyochimbika. Swali ninalowauliza wafugaji ni jepesi: ikiwa tumeweza kwa sungura, mnyama anayezaa baada ya mimba ya siku 31 hivi na kujaza kizimba kwa muda mfupi, ni kipi kinachotushinda kwa mbuzi? Kinachotofautiana ni kwamba sungura akizurura hasara humrudia mwenyewe, ilhali mbuzi akizurura hasara humwangukia jirani.

Hukumu kuhusu mnyama aliyeingia shamba la mtu ni za kale kuliko mji wetu. Waislamu wanasoma mojawapo katika Sura ya Al-Anbiyaa, ambako Daudi na Suleiman, rehema na amani ziwafikie, walipelekewa kesi ya kondoo walioingia shambani usiku. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Suleiman akatoa rai nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo hao kwa muda, anywe maziwa yao na atumie sufi yao, na mwenye kondoo alilime shamba lile mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Sijui kama kuna mahakama ya leo inayoweza kutoa uamuzi wenye busara zaidi ya huo, kwa kuwa haukumfilisi mfugaji wala haukumwacha mkulima mikono mitupu. Wakristo nao wanasoma katika Kutoka, sura ya 22, kwamba anayemwachia mnyama wake akalisha katika shamba la mwenziwe atalipa kwa mazao bora ya shamba lake mwenyewe. Na sheria ya kimila ya Uingereza, ambayo kupitia Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, ni sehemu ya sheria za Kenya kwa kadiri ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, inamwajibisha mwenye ng'ombe, mbuzi, kondoo au kuku waliovuka wakaharibu, bila ya jirani kulazimika kuthibitisha kuwa kulikuwa na uzembe.

Msomaji wa sheria anaweza kunipinga kwa kutumia sungura huyo huyo. Mwaka 1597, katika kesi ya Boulston, majaji wa Uingereza waliamua kwamba mtu aliyewatengenezea sungura mashimo shambani kwake hawajibiki wakivuka na kula mazao ya jirani. Wakishavuka hawana mwenyewe tena, na jirani yu huru kuwaua. Ni kweli. Lakini wale walikuwa sungura wa mwitu. Sungura mweupe mwenye doa sikioni, aliyenunuliwa, akajengewa kizimba na kuuzwa watoto wake, ana mwenyewe anayejulikana mtaa mzima. Kesi ile inafaa kwa tumbili, na huko naikubali: tumbili wa Kisauni hana wa kumlipia, basi mwenye mpapai hana budi kuufunga wavu.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya dini yenyewe. Imepokewa kutoka kwa Al-Baraa bin Azib kwamba ngamia wake aliingia bustani ya watu akaiharibu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akahukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wabebe dhima ya yanayoharibiwa usiku. Mfugaji wa Likoni anaweza kusema: mbuzi wangu huzurura mchana, kwa hivyo linda bustani yako. Hoja hii inastahili jibu la heshima. Wanazuoni wa madhehebu ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi mwambao huu, wameeleza kwamba hukumu ile imejengwa juu ya ada ya mahali: watu walikuwa wakipeleka wanyama malishoni mchana na kuwarudisha zizini usiku, na wakulima walikuwa shambani mchana. Ada ikiwa kinyume, hukumu nayo hugeuka. Basi tuulize ada na hali ya hapa. Malisho ya mchana ya Likoni yako wapi? Mwenye bustani mchana yuko kibaruani, bandarini, kiwandani au anauza mahamri stendi, hayuko shambani. Mbuzi hapelekwi mahali palipotengwa kwa ajili yake, hana mchungaji, na akifunguliwa mlango kitu cha kwanza anachokutana nacho ni tuta la mtu. Sababu iliyomtwika mkulima ulinzi wa mchana haipo hapa, na palipokosekana sababu ni vigumu kuitetea hukumu.

"Jenga ua, basi." Ndilo jibu linalotolewa mara nyingi zaidi, na linasikika kama jibu la mtu mwenye akili timamu. Limesahau bara ya Mombasa inavyokaliwa. Wengi ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua wa pamoja nyuma. Wengine wana nyumba lakini ardhi ni ya mtu mwingine, ule mtindo wa nyumba bila ardhi ambao Mombasa imeuishi kwa vizazi, ambapo mwenye nyumba hulipia kiwanja na huweza kuambiwa ahame. Likoni, wakazi wa shamba la Waitiki, ekari 930, walianza kupewa hati miliki Januari 2016 baada ya miaka ya kuishi kama maskwota. Mtu asiye na hakika ya kuwapo mwakani hapandi ua wa minyaa unaochukua misimu kukua, wala hamwagi saruji. Hununua waya wa kuku akiweza, au huzungushia makuti ambayo mchwa huyamaliza, au nyavu kuukuu za wavuvi ambazo mbuzi huzisukuma kwa kifua. Na hata mwenye uwezo akijenga, hajazuia chochote, kwa kuwa mbuzi yule yule atahamia kwa jirani wa pili asiye na ua. Bustani kumi zinahitaji nyua kumi. Mbuzi watano wa mtu mmoja wanahitaji boma moja. Hesabu hiyo pekee ingetosha kutuonyesha ni wapi pa kuweka miti na misumari.

Australia iliijaribu njia hiyo ya kujenga nyua kwa kiwango ambacho hakuna nchi nyingine iliyokifikia. Mwaka 1859 bwana mmoja tajiri, Thomas Austin, aliachia sungura wachache katika shamba lake huko Victoria ili apate wa kuwinda. Walizaana wakaenea bara zima. Kati ya 1901 na 1907 serikali ya Australia Magharibi ilijenga nyua tatu za waya zenye jumla ya kilomita 3,256, na kabla hazijakamilika sungura walikwisha kuonekana upande wa pili. Hatuna hatari ya ukubwa huo Mombasa. Ninautaja mkasa huu kwa sababu unaonyesha mahali ambapo kazi ni ndogo na gharama ni nafuu: mlangoni kwa yule mtu mmoja, kabla hajafungua.

Pingamizi la wafugaji maskini ndilo linalonigusa, na sitalipita haraka. Mbuzi wawili wa mjane wa Mtongwe ni karo ya shule, ni pesa za hospitali, ni mbuzi wa Idi atakayepata bei. Ukimwambia amfunge, atauliza atamlisha nini, na ni haki yake kuuliza. Kwanza, tusisahau kwamba anayeliwa mchicha naye si tajiri. Tajiri ana ukuta wa mawe wenye vigae vya chupa juu na geti la chuma, mbuzi hamfikii. Ugomvi huu ni wa maskini wawili, na kumwonea huruma mmoja kwa kumnyang'anya mwenziwe si huruma. Pili, mbuzi anayeranda ni mali iliyo hatarini kila saa. Hugongwa na matatu, huibwa akapakiwa kwenye buti, hula uchafu akavimba tumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni mifuko iliyokuwa ikikutwa matumboni mwa ng'ombe machinjioni. Mifuko imepungua, lakini majaa yetu ya mitaani bado yana karatasi za plastiki, kamba na nepi, na mbuzi hachagui. Wanaosema kwamba mbuzi hutusafishia mji wanapaswa kufikiria kwamba nyama hiyo hatimaye huja mezani kwetu. Kusafisha mji ni kazi ya kaunti, na inalipiwa kodi.

Tatu, na hapa ndipo penye ufumbuzi, chakula kipo. Soko la Kongowea hupokea malori ya mboga na matunda kila siku, na kila siku hutoa malundo ya majani ya kabichi, maganda ya mahindi mabichi, mikungu ya ndizi iliyokwisha kuchambuliwa, viazi vitamu vilivyokatika. Sehemu kubwa huoza hapo hapo au husombwa hadi jaani. Mabaki hayo yakitengwa asubuhi kabla hayajachanganyika na taka, yangewalisha mbuzi na sungura wengi wa Kisauni, na kijana mwenye mkokoteni angepata kibarua cha kuyapeleka majumbani. Mabaki ya mboga peke yake hayatoshi, kwani sungura akila kabichi nyingi bila nyasi kavu huharisha, na mbuzi pia anahitaji majani makavu. Lakini nyasi za kando ya reli na viwanja vitupu huota kwa wingi baada ya masika, na zikikatwa na kukaushwa zinaweza kumsaidia mfugaji kupita kiangazi. Unguja na Pemba ng'ombe hufungwa kwa kamba na kuhamishwa kutoka sehemu hadi sehemu, na hakuna anayeona ni mateso. Tunao msemo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Siku hizi tumeuachia wanasiasa na wala rushwa, ilhali una kazi yake ya asili.

Tena mfugaji anayefunga ana kitu cha kuuza ambacho mfugaji anayeachia hana. Samadi ya mbuzi anayeranda imetapakaa barabarani. Ya mbuzi wa bomani imekusanyika mahali pamoja. Kinyesi cha sungura ni bora zaidi kwa magunia ya mboga, kwa kuwa ni vidonge vikavu visivyounguza mizizi, na unaweza kuvitia udongoni bila kungoja vioze. Mkojo wake, unaokingwa kwa bati lililoinamishwa chini ya kizimba hadi kwenye dumu, wakulima wengi nchini huuchanganya na maji na kuunyunyizia majani kama mbolea. Udongo wa mwambao ni mchanga mwingi, haushiki maji wala rutuba. Anayepanda Likoni anauhitaji ujirani na mfugaji kuliko anayepanda Kiambu. Wakipatana, maganda yatakwenda upande mmoja na samadi upande mwingine, na wote wawili watapunguza gharama. Ni mapatano ambayo hayawezekani kamwe kati ya mtu aliyeliwa na mtu anayejifanya hakumwona mbuzi wake.

Mwenye bustani naye ana sehemu yake, na sitaki aonekane kama asiye na wajibu. Ajali hutokea hata kwa mfugaji mwangalifu. Gunia lililowekwa juu ya jukwaa la matofali linamshinda sungura na kumpunguzia kuku hamu. Tuta la chini likizungushiwa waya wa matundu madogo, upande wa chini uzikwe kina cha kiganja kimoja na kukunjwa kuelekea nje, ili sungura akianza kuchimba akutane nao. Mwenye kiwanja chake anaweza kupanda mbono au minyaa pembezoni, mimea ambayo mbuzi huikwepa, ila awe mwangalifu na utomvu wa minyaa, ambao ukiingia jichoni mwa mtoto ni safari ya hospitali, na mbegu za mbono, ambazo ni sumu zikiliwa. Konokono huokotwa kwa mkono alfajiri. Lililo haramu kwangu ni sumu. Wapo wanaotega unga wa mahindi uliochanganywa na dawa ya panya au ya mimea, na atakayeuokota anaweza kuwa kuku wa jirani, paka, au mtoto anayetambaa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaliharamisha hilo, na hata kama isingeliharamisha, mboga iliyopandwa ili watoto wale vizuri haiwezi kulindwa kwa kitu kinachoweza kuwaua.

Linabaki swali la nani asimamie. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kilimo na ufugaji, na pia udhibiti na ustawi wa wanyama. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015, na mamlaka iliyoitumia Nairobi ndiyo hiyo hiyo iliyonayo Mombasa. Najua hofu inayowajia wasomaji wakisikia neno kaunti: askari watashuka na gari, watakamata mbuzi, wataitisha kitu kidogo, na asiye nacho mbuzi wake atakuwa supu. Hofu hiyo haikuzuka hewani, na mpango wowote usioijibu hautakubalika mitaani wala haustahili kukubalika. Kwa sababu hiyo ningependa jambo lianzie kwa mzee wa mtaa na kamati ya nyumba kumi, mahali ambapo kila mbuzi anajulikana na ambapo fidia ya mche inaweza kuwa mche, au ndoo mbili za samadi, au siku moja ya kumwagilia, kwa roho ile ya hukumu ya Suleiman. Kaunti iingie kwa mwenye kukaidi tu, na iingie ikiwa na boma la wanyama katika kila kaunti ndogo, ada ndogo iliyoandikwa kwenye ubao wa nje kwa Kiswahili, risiti, maji na nyasi kwa mnyama aliyeshikiliwa, na muda wa kutosha kwa mwenyewe kumfuata kabla ya mnada. Na kabla ya kumtoza mtu hata shilingi, iwe imekwisha kuweka pale Kongowea sehemu ya kutengea mabaki ya mboga na gari la kuyafikisha Likoni na Changamwe, ili asiwepo wa kusema ameamriwa kufunga mnyama asiyeweza kumlisha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti hufanywa kabla ya hapo. Wenye bustani na wenye mbuzi waende pamoja wakadai boma, ubao wa ada na gari la mabaki.